Hapana, sina mwaliko wa kukutumia

Haya wadau, niko jikoni, msiniangalie kichwa, nimetoka zamu ya usiku. Tangu niweke ile picha ya tamasha la vitabu la Stirling, hapa Uskoti, mimi na mwandishi na kitabu kimesainiwa, swali ni lile lile: dada Mwanaidi, unaingiaje huko, na utanitumia mwaliko na mimi nije? Leo najibu mara moja. Ukiuliza tena nakurushia hii video.

Anayetaka kuandika kwamba najishaua aandike sasa hivi tumalizane. Mimi nalea wazee Glasgow, na vitabu vyenyewe naokota mtumba, pauni moja moja, kwenye maduka ya hisani. Nilianza na riwaya ya uhalifu ya Mswidi mmoja, kitabu kilikuwa kinene na zamu ilikuwa ndefu. Hivyo tu. Nikanogewa, kama tulivyokuwa tukinogewa na akina Willy Gamba, yule mpelelezi wa vitabu vya Musiba, tukiwa shule, kitabu kimoja darasa zima, kikirudi hakina jalada.

Sasa, kuingia. Bloody Scotland ni tamasha la riwaya za uhalifu, linafanyika Stirling kila Septemba tangu 2012. Haualikwi. Unakata tiketi kama ya basi. Kikao kimoja nililipa chini ya pauni 20: waandishi wawili watatu jukwaani kwa saa moja, maswali, halafu foleni ya kusainiwa. Kwenye foleni anapita mtu anakuandikia jina kwenye kikaratasi ili mwandishi asikosee. Langu limeshaandikwa namna nne. Na mara ya kwanza nilienda na mtumba wangu, bado una bei ya pauni moja juu, nikawa naubandua kwa kucha huku foleni inasogea. Mnorwe wa watu akausaini vizuri tu, wala hakuuliza.

Ile picha ndiyo kaka yangu akaniandikia: "Una hela ya kusainiwa vitabu, ya bati huna." Bati nilituma Juni. Naomba ndugu zangu mnaotazama mumwambie, maana mimi nimemwambia nimechoka.

Haya, Iceland. Wengi mnaniuliza kwa nini niliahidi video ya Reykjavik halafu kimya. Kuna tamasha huko la riwaya hizo hizo, Iceland Noir, lilianza 2013. Miongoni mwa walioanzisha ni waandishi Yrsa Sigurðardóttir, ambaye ni mhandisi wa ujenzi, na Ragnar Jónasson, aliyeanza kufasiri Agatha Christie akiwa na miaka 17. Mimi kwa watu hao nakufa. Nikaweka akiba tangu Machi.

Tiketi haikuwa tatizo. Tatizo pasipoti yetu. Kuishi Uingereza hakukuingizi Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Iceland ikiwemo, unaomba viza kama uliyetoka Tanga jana. Ada yuro 90, juu yake malipo ya kituo kinachopokea maombi, bima isiyopungua yuro 30,000, stetimenti za benki za miezi 3, barua ya kazini, hoteli uliyokwisha kubuki. Nafika dirishani, dada ananiuliza kadi ya ukaazi iko wapi. Nikamwambia kadi zilikwisha mwisho wa 2024, sasa ukaazi wetu uko mtandaoni. Akaniangalia kama niliyeghushi. Nikatoa simu, intaneti ikagoma. Nyie!

Kanuni inasema jibu siku 15. Mimi pasipoti ilirudi siku ya 26, Jumatatu, tamasha limekwisha Jumamosi. Viza imo ndani, nzuri, ina picha yangu, na tarehe zake zimeshapita. Kituo sikitaji, na msinikisie kwenye komenti.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo iliyonichekesha siku ile nikiwa na hasira. Mwaka 2005 Arnaldur Indriðason, wa hukohuko Iceland, alichukua Gold Dagger, tuzo kubwa ya chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu Uingereza. Kitabu kimefasiriwa na Bernard Scudder. Baada ya hapo wakabadili kanuni: tuzo ile ibaki kwa vilivyoandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, na 2006 vya kufasiriwa vikapewa tuzo yao. Wapo wanaosema imewasaidia, hata mfasiri sasa anatajwa. Sawa. Lakini mimi naijua foleni ya kutengwa hivyo. Ipo kila uwanja wa ndege, imeandikwa "pasipoti nyingine zote", na ndiyo yenye watu wengi na dirisha moja.

Kwa hiyo mwaliko. Wangu mimi hautakusaidia chochote. Ada ya viza ya matembezi ya hapa imepita pauni 120 na ukinyimwa hairudi. Sisemi usiombe, kila mtu na bahati yake na makaratasi yake, mwenzangu mmoja alipata kwa wiki mbili. Ila usiuze kiwanja ukamsikilize mtu akisoma kurasa tatu. Ukiwa tayari uko Ulaya ya Schengen, nenda Lyon, Quais du Polar, karibu na Aprili, kiingilio bure. Mimi hapo tena nahitaji viza, kwa hiyo niacheni.

Na yule wa Muheza aliyeomba vitabu nikimaliza: vinne nimeshafunga. Kuna mama anasafiri mwezi ujao, kaniachia kilo mbili kwenye begi lake. Nitumie namba inboksi, usiiweke hapa chini.