Kuhamisha Tovuti ya Taasisi Kutoka Joomla 3 Kwenda WordPress Bila Kupoteza Anwani za Zamani

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutahamisha tovuti ya taasisi kutoka Joomla 3 kwenda WordPress, ambazo zote ni programu za kuendeshea tovuti. Nitakaa zaidi kwenye anwani za kurasa kuliko kwenye makala zenyewe, kwa sababu makala huhamishwa na programu kwa muda mfupi, ilhali anwani iliyovunjika huweza kuwasumbua wasomaji kwa miaka. Joomla 3 ilitoka mwaka 2012, na watengenezaji wake waliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 17 Agosti 2023. Taasisi iliyoridhika na Joomla inaweza kupanda hadi toleo la 4 na kisha la 5, na uamuzi huo hauna kasoro; maelekezo haya ni ya wale ambao tayari wameamua kuhama.

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala rudufu. Kama unavyoona kwenye skrini, nimeingia kwenye cPanel (jopo la kusimamia seva), nimepakua folda nzima ya public_html yenye mafaili ya tovuti, kisha nimefungua phpMyAdmin (zana ya kusimamia hifadhidata) na kutoa hifadhidata yote kama faili moja la SQL. Vyote viwili vinahitajika, kwa kuwa makala hukaa kwenye hifadhidata na picha hukaa kwenye folda. Weka nakala hizo nje ya seva, na uhakikishe kwamba zinafunguka.

Sasa fungua lahajedwali na uandae orodha ya kila ukurasa na kila hati iliyomo kwenye tovuti ya zamani. Safu ya kwanza ni anwani ya zamani, ya pili ni kichwa, ya tatu ni uamuzi wenu, na ya nne, ambayo kwa sasa itabaki tupu, ni anwani mpya. Usitegemee menyu ya tovuti peke yake, kwa sababu kurasa nyingi hazimo kwenye menyu; tumia pia ripoti za Google Search Console (huduma ya Google inayoonyesha jinsi tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji) na kumbukumbu za seva, ambazo zitakuonyesha anwani ambazo watu bado wanazifungua. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana wengi huiruka, lakini hatua zote zinazofuata zinaitegemea. Uamuzi wa kipi kibaki usiachiwe fundi peke yake. Ripoti za mwaka na sera zibaki hata kama ni za zamani, kwa kuwa watu wengine wamezinukuu. Matangazo ya zabuni zilizofungwa yanaweza kuhifadhiwa nje ya tovuti. Ukikuta wasifu wa waombaji kazi au fomu zenye namba za vitambulisho, usizihamishe kwa mazoea tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinadai kuwepo kwa sababu halali ya kuendelea kutunza taarifa za namna hiyo.

Hatua inayofuata ni kusimika WordPress kwenye kikoa kidogo cha majaribio, huku tovuti ya zamani ikiendelea kuhudumia wasomaji. Chagua toleo la PHP (lugha ya programu inayoendesha WordPress) ambalo bado linapokea marekebisho ya usalama. Kisha nenda kwenye mipangilio ya usomaji na uweke alama inayoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti hii, ili nakala mbili zenye maudhui yaleyale zisionekane kwa wakati mmoja. Andika mahali kwamba alama hiyo itaondolewa siku ya kuzindua. Ikisahaulika, tovuti mpya huenda isionekane kabisa kwenye Google.

Panga muundo wa viungo vya kudumu, yaani mtindo wa anwani za kurasa, kabla ya kuleta makala, kisha simika plagini (programu ndogo ya kuiongezea WordPress kazi) ya FG Joomla to WordPress. Itakuuliza jina la seva, jina la hifadhidata, mtumiaji, nenosiri na kiambishi cha majedwali. Yote hayo yamo ndani ya faili la configuration.php la tovuti ya zamani. Jaribu muunganisho kwanza, na ukikubali, anza uhamishaji. Ukimalizika, tafuta maneno yenye ng', kama vile ng'ombe na kung'oa. Apostrofi iliyonakiliwa kutoka Microsoft Word mara nyingi ndiyo ya kwanza kuharibika pale usimbaji wa herufi (namna kompyuta inavyohifadhi herufi) unapotofautiana, na ukiona â€™ katikati ya neno, rekebisha usimbaji na urudie uhamishaji badala ya kusahihisha makala mojamoja. Akaunti za watumishi ni bora zifunguliwe upya, kwani wengi waliomo kwenye orodha ya zamani huwa walishaondoka.

Tumefika kwenye anwani. Katika Joomla, makala moja inaweza kufikika kwa anwani kama /habari/45-mkutano-mkuu na pia kwa anwani ndefu yenye index.php na namba 45 mwishoni, na wakati mwingine kwa anwani ya tatu inayotokana na kipengele kingine cha menyu. Zote ziingizwe kwenye lahajedwali, kila moja ikiwa na anwani yake mpya. Hifadhi safu hizo kama faili la CSV, simika plagini ya Redirection, ambayo humpeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, na uliingize faili hilo humo. Tumia msimbo wa 301, unaomaanisha kuhama kwa kudumu, wala si 302, ambao ni wa muda. Usielekeze kurasa zote zilizofutwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji aliyetafuta fomu akatupwa huko hajasaidiwa, na Google huuhesabu uelekezaji huo kama ukurasa usiopatikana. Ukurasa usio na mbadala uachwe utoe 404, yaani ujumbe kwamba haupatikani. Kwa hati za PDF ipo njia rahisi zaidi: nakili folda za zamani zilivyo, kwa majina yaleyale, hadi kwenye seva mpya, na viungo vilivyochapishwa kwenye barua na vipeperushi vitaendelea kufunguka bila uelekezaji wowote.

Siku moja kabla ya kuhamia rasmi, nenda kwenye rekodi za DNS, zinazounganisha jina la tovuti na seva yake, na upunguze TTL, yaani muda ambao kompyuta nyingine hutunza nakala za rekodi hizo, hadi sekunde 300. Siku yenyewe, badilisha rekodi ya A, inayotaja anwani ya seva ya tovuti, peke yake. Ukibadilisha seva za majina bila kunakili rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe, barua pepe za taasisi nzima zitasimama, na simu za malalamiko zitaanza kuingia kabla hujafunga kompyuta. Kisha badilisha anwani ya kikoa cha majaribio iliyobaki ndani ya hifadhidata kwa kutumia plagini ya Better Search Replace. Usifanye hivyo kwa amri ya SQL ya kawaida, kwani baadhi ya mipangilio ya WordPress huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, na idadi isipolingana mipangilio hiyo haisomeki. Washa cheti cha usalama, ondoa ile alama ya injini za utafutaji, na uwasilishe ramani mpya ya tovuti kwenye Search Console.

Kwa wiki chache za mwanzo, fungua kila asubuhi orodha ya makosa ya 404 ndani ya Redirection na uongeze anwani zilizosahaulika. Google inashauri uelekezaji udumishwe kwa angalau mwaka 1, lakini kwa taasisi ninashauri usiondolewe kabisa. Orodha hiyo ikitulia, zima tovuti ya zamani, futa hifadhidata yake kwenye seva ya awali, na ubadilishe nenosiri lolote lililokuwa ndani ya configuration.php.