Kozi nzuri, hamna mnunuzi

Haya jamani tukae basi, wa nyuma mnanisikia? Poa. Nimeambiwa niongelee makosa ya watu wanaouza maarifa, yaani kozi za vidio, vitabu vya PDF, darasa la wiki nne kwenye grupu, vitu vya namna hiyo, na nadhani nimeitwa mimi kwa sababu hayo makosa karibu yote nimeyafanya kwa mikono yangu hii.

Tuanze na kamchezo. Nagonga wimbo hapa mezani kwa vidole, nyie mniambie wimbo gani. (Anagonga.) Haya? Hapana. Hapana. Dada pale umesema wimbo wa taifa, hapana ila umenifurahisha. Ni ule wa bethidei jamani! Kila mtu humu anaujua na hamna aliyepata.

Sasa mwaka 1990 kuna mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, Elizabeth Newton, huu mchezo aliufanyia utafiti wa PhD yake. Zikagongwa nyimbo 120. Wagongaji wakaulizwa mnadhani wenzenu watapatia ngapi, wakasema kama nusu hivi. Zilizopatikana 3. Tatu tu! Kwa sababu wewe unayegonga, kichwani wimbo unapiga mzima na vinanda vyake na waitikiaji, mwenzio anasikia ko ko ko ya meza.

Hiyo ko ko ko ndo kozi yako.

Mi bidhaa yangu ya kwanza ilikuwa kitabu cha PDF cha kutunza hesabu za biashara ndogo, kurasa 180, miezi saba ya kuandika usiku macho mekundu. Sentensi ya kwanza kabisa nimeandika "baada ya kufunga leja yako ya mwezi". Leja, lile daftari la hesabu za biashara! Mtu ninayemwandikia mauzo anaweka mfuko wa kulia wa suruali, matumizi mfuko wa kushoto, leja ataifungaje wakati hajawahi kuifungua? Mnunuzi mmoja akanitumia mesej, muungwana sana, kasema kitabu kizuri nitakisoma nikishajua hesabu. Nilicheka, alafu nikakaa kimya kama dakika kumi.

Na hapo ndo shina la mambo. Ukishajua kitu miaka kumi unasahau kabisa ilikuwaje kutokijua, kwa hiyo unaandika kumfurahisha mtaalamu mwenzio, unaogopa asije akasema mbona hujagusia hiki, wakati huyo mtaalamu hanunui, hana shida hiyo! Mwenye shida amekwama hatua ya pili na wewe umeanzia ya sita.

Dawa yake haina ufundi wowote. Kabla hujafungua laptopu, tafuta mtu mmoja mwenye hiyo shida, kaa naye, mfundishe bure, alafu mwache afanye mwenyewe na wewe FUNGA MDOMO. Hilo la mdomo ndo gumu, mi huwa najiuma ulimi. Angalia anakwama wapi, andika kila swali kama alivyolisema, usilinyooshe, maana maswali yake ndo sura za kitabu chako na maneno yake ndo jina la kozi. Hamna mtu anayeamka usiku akisema nahitaji mfumo madhubuti wa usimamizi wa fedha. Anasema hela inaingia ila siioni.

Lingine ni unene. Mtu anajaza moduli 14, yaani sehemu za somo, na vidio 90 ili bei ionekane halali. Kozi za mtandaoni za MIT na Harvard, vile vyuo vikuu vya Marekani, utafiti uliotoka 2019 ulionyesha mwaka wa masomo 2017 hadi 2018 waliomaliza ni kama asilimia 3 ya waliojiunga. Na hao ni walimu wa maana kweli kweli, wana studio, wana kila kitu. Waliolipia cheti, karibu nusu walimaliza, asilimia 46. Sasa msikimbilie kusema pesa ndo dawa ya uvivu, huenda aliyelipa alikuwa siriasi toka mwanzo, lakini mi nikiona hizo namba najiuliza moduli yako ya kumi na moja unamtengenezea nani. Mtu kanunua ili shida imtoke. Ukiitoa kwa kurasa 20 atakushukuru, hatakudai zile 160.

Alafu kuna lile la kuuliza watu "ungenunua?" Ah! Niliuliza marafiki wote, wote wakasema wazo zuri sana kaka, fanya, tuko nyuma yako, na siku ya kuuza kweli walikuwa nyuma, nyuma sana, hata siwaoni. Siku hizi nauza kabla sijatengeneza, naeleza wazi kwamba bado haipo, itaanza tarehe fulani, wasipofika watu kumi nawarudishia kila mtu hela yake, na nimewahi kurudisha, inauma ila siku mbili tu, ile miezi saba iliuma zaidi.

Haraka haraka mengine. PDF iliyopangwa kwa karatasi ya A4 wakati msomaji wako yuko kwenye simu, herufi kama sisimizi, hapana. Picha ya vidio ikiwa na ukungu kidogo watu wanavumilia, sauti mbaya hawavumilii, kwa hiyo hela ya kamera kanunulie maiki. Wizi nao, kuna jamaa hatoi kozi yake mpaka apate njia ya kuzuia isiibwe, mwaka wa pili huu, na kweli haijaibwa. Na zile ahadi za utatajirika kwa siku 30, hizo mi sitaki hata kuzijadili, kama hujalifanya mwenyewe usiliuze.

Tufanye sasa. Dada wa wimbo wa taifa, ulisema unafundisha nini? Kushona? Njoo mbele. Na kaka wa kofia ambaye hata sindano hujawahi kushika, njoo ukae naye. Dada una dakika tano umfundishe, alafu unyamaze. Nyie wengine toeni kalamu, kila swali la kaka liandikwe kama lilivyo.