Maji ya kutu machimboni: namna ya kuyazuia na kuyatibu

Habari zenu watazamaji, karibuni Handeni, mkoani Tanga. Ndugu mchimbaji, ukiona maji yanayochuruzika kutoka kwenye kifusi cha duara, yaani shimo la kuchimbia madini, yameacha utando wa rangi ya kutu juu ya mawe, usiyapuuze.

Anza na jiwe. Vunja kipande cha kifusi, kigeuzegeuze juani. Vipunje vya njano vinavyometameta mara nyingi ni piraiti, yaani chuma na salfa. Kikiwa chini, mbali na hewa, hakina neno. Kikitolewa nje kikapata hewa na maji, hutengeneza asidi ya salfuriki, nayo huyeyusha shaba na metali nyingine na kuzishusha mtoni.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla ya masika. Kifusi cha namna hii kirundike mbali na korongo, juu ya mfinyanzi ulioshindiliwa. Upande wa juu wa mteremko chimba mtaro, maji ya mvua yapite pembeni. Kisha funika rundo kwa mfinyanzi, shindilia, otesha nyasi. Tafadhali usiuruke mtaro huo! Asidi ikishaanza, hutoka miaka na miaka, hata wachimbaji wakiwa wamehama.

Imeshaanza? Chovya kwenye maji hayo karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha asidi. 7 ni katikati. Kila namba unayoshuka, asidi imeongezeka mara 10.

Sasa mfereji unaopitisha maji hayo ya asidi, si ule mtaro wa mvua, ujaze mawe ya chokaa yenye ukubwa wa ngumi. Tanga tumejaliwa mawe haya: ndiyo miamba ya mapango ya Amboni, ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji. Maji yaende kasi, kwa sababu chuma huganda juu ya jiwe na kulizuia lisifanye kazi. Yageuze mawe mara kwa mara, sugua ule utando.

Mfereji uishie kwenye bwawa la kutuamishia maji. Tope litakalozama usilimwage mtoni wala shambani. Pima maji yanayotoka: yawe kati ya 6 na 9. Yakiwa bado chini, koroga chokaa iliyozimwa kidogo kidogo, ukiwa na glavu na miwani, maana inaunguza macho.

Na hili nawaomba sana: chokaa haiondoi zebaki. Maji yaliyoguswa na zebaki yabaki kwenye bwawa lake, yasiingie kwenye mfereji huu. Hata hayo uliyoyatibu, yakiwa maangavu kiasi gani, usiyanywe wala kunywesha mifugo mpaka maabara ipime metali zilizomo.