Wakisema "Rudisheni ya Zamani": Namna ya Kusoma Maoni Tovuti Inapobadilishwa Sura

Ndugu zangu mnaosimamia tovuti za vyuo, magazeti, halmashauri na mashirika, asanteni kwa kuja.

Tarehe 18 Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza ilivaa sura mpya iitwayo Vector 2022. Sura iliyotangulia ilikuwapo tangu 2010. Orodha ya yaliyomo kwenye makala ilihamishiwa ubavuni, ikawa inabaki pale hata msomaji anaposhuka chini. Upana wa maandishi ulibanwa usizidi pikseli 960 hivi. Na orodha ya lugha, iliyokuwa wazi upande wa kushoto, ikaingizwa ndani ya kitufe kimoja kando ya jina la makala. Malalamiko yalimiminika. Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura, wakasema kwa kauli moja kwamba sura ya zamani irudishwe.

Yaangalieni mabadiliko mawili kati ya hayo. Lililopigiwa kelele sana ni upana: watu wenye skrini kubwa waliona nafasi nyeupe tupu pande zote mbili. Kelele hiyo ilipata jibu, kikawekwa kitufe cha kupanua maandishi. Sasa tazameni lugha. Msomaji wa Morogoro anatafuta kitu Google, anaangukia makala ya Kiingereza. Zamani neno "Kiswahili" lilikuwa mbele ya macho yake. Sasa sharti ajue kwanza kwamba limo ndani ya kitufe, kisha akibonyeze. Asipojua, hatalalamika, kwa sababu hajui kwamba kuna kitu amekikosa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo lisilofika kwenye sanduku la maoni.

Kwa hiyo ninachowaomba leo ni kimoja: kila maoni yasomwe kwa kuuliza mtu huyu alikuja kufanya nini, na amekwamia wapi. Wingi wa sauti usiwe ndio mizani.

Mifano miwili mikubwa inaonyesha kwa nini. Septemba 2006 Facebook ilileta ukurasa unaokusanya habari za marafiki, na watu wengi mno wakaandamana humo humo Facebook. Walichokilalamikia hasa ni kwamba mambo yao yanaonekana bila wao kuamua. Kampuni ikaomba radhi, ikaongeza mipangilio ya faragha, na ukurasa wenyewe ukabaki. Agosti 2010 Digg, tovuti ambayo watu walileta habari na kuzipigia kura, nayo ilitoka na toleo la nne. Kelele zilifanana, lakini kilichoondolewa hapo ni kazi yenyewe iliyowaleta watu: kitufe cha kuzika habari mbovu kikatolewa, na wachapishaji wakubwa wakaruhusiwa kumwaga habari zao moja kwa moja. Watumiaji wakaujaza ukurasa wa mwanzo viungo vya mshindani wake, Reddit, kisha wengi wakahama kabisa. Mwaka 2012 Digg iliuzwa. Aliyehesabu malalamiko tu asingeweza kuzitofautisha hali hizo mbili.

Tuingie kwenye kazi. Maoni huanza kukusanywa kabla ya sura mpya kutoka. Chagueni kazi tano au sita ambazo watu huzijia: kuangalia matokeo, kupakua fomu, kupata namba ya simu ya ofisi, kulipia. Kwa kila moja pimeni kwenye tovuti ya zamani: wangapi wanafanikiwa, kwa muda gani, kwa mibonyezo mingapi. Usipokuwa na kipimo cha zamani, siku ya kelele utabaki kubishana ladha na bosi wako.

Kisha waiteni watu wachache wakae na simu zao wenyewe, mmoja mmoja, na muwatazame. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo, na watu wengi wameikariri namba hiyo bila sharti lake: ni watano wa aina moja. Mwanafunzi na mzazi wake ni aina mbili. Wapeni kazi, msiwape maelekezo. Sema "tafuta ada ya mwaka wa kwanza", usiseme "bonyeza menyu ya ada". Halafu nyamaza. Ukimsaidia tu, jaribio limeharibika.

Fomu ya maoni yenyewe iwe fupi. Maswali matatu yanatosha: Ulikuja kufanya nini leo? Umefanikiwa? Kama hapana, umekwamia wapi? Msianze na "Unaionaje sura yetu mpya?", maana mkiuliza ladha mtapewa ladha. Yale ambayo mtu hawezi kuyaeleza, mfumo uyanase wenyewe: anwani ya ukurasa aliokuwapo, upana wa skrini, kivinjari, na kama alikuwa kwenye sura mpya au ya zamani. Jina na namba ya simu viwe hiari. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022, na taarifa usiyoikusanya haiwezi kukuvujia.

Hapa pana kosa linalojirudia sana kwetu. Fomu nyingi za maoni ni visanduku vinavyochomoza pembeni kwa JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Kivinjari cha Opera Mini kikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa hutengenezwa kwenye seva zake na vitu vya namna hiyo mara nyingi havifanyi kazi. Matokeo yake, mwenye bando dogo na simu ya bei nafuu, ambaye huenda ndiye aliyeumizwa zaidi, ndiye asiyeweza kukuambia. Wekeni fomu ya kawaida ya HTML, isiyohitaji JavaScript, kwenye ukurasa wake, na kiungo cha maandishi chini ya kila ukurasa. Wekeni pia daftari mezani kwa wapokea simu. Anayepiga kuuliza kitu ambacho kimeandikwa kwenye tovuti ametoa maoni tayari.

Wanaotaka alama ya jumla watumie SUS, kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo, alichokibuni John Brooke mwaka 1986. Kina sentensi kumi, na kila moja hujibiwa kwa 1 hadi 5. Sentensi za namba witiri, toa 1 kwenye jibu. Za namba shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha zote, zidisha kwa 2.5, utapata alama kati ya 0 na 100. Hiyo si asilimia. Wastani unaotajwa sana ni 68. Jihadharini na zile shufwa, kwa sababu zimeandikwa kwa upande wa ubaya na mtu mwenye haraka hujaza 5 kote. Fomu yenye 5 tupu hutoa alama 50, inayofanana na jibu halali. Ziwekeni kando.

Maoni yakifika, yaingizeni kwenye jedwali: maneno ya mtu kama alivyoandika, ukurasa, kazi aliyoijia, na aina ya tatizo. Watu wawili wapange hamsini ya kwanza kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Wakitofautiana sana, ujue aina zenu hazieleweki. Zinazotosha kuanzia ni tatu: amepoteza mazoea, amekwama, ameondolewa kitu. La kwanza mara nyingi hupungua lenyewe baada ya wiki chache. La pili ni la leo. La tatu hudai uamuzi wa wakubwa, na msilifiche ndani ya la kwanza.

Chukueni maoni haya: "Haisomeki, rangi mbaya." Ukiyasoma haraka utayatupa kwenye ladha. Fungua ukurasa, pima. Maandishi ya kijivu chenye namba ya rangi #999999 juu ya nyeupe yana mkolezo, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, wa takriban 2.8 kwa 1, na kiwango cha WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Mtu huyo hakuzungumzia ladha, alikuwa juani na simu yake. Ukiifanya #767676 unavuka kiwango, na ni badiliko la mstari mmoja. "Nabonyeza inafungua kingine" nayo ipimwe: kiwango cha chini cha WCAG 2.2 kwa kitufe ni pikseli 24 kwa 24, au nafasi ya kutosha kukizunguka. "Ukurasa unaruka ninaposoma" mara nyingi ni picha zisizotajwa upana na urefu kwenye msimbo wa ukurasa, na Google huupa mruko huo alama iitwayo CLS, ambayo huhesabiwa nzuri isipozidi 0.1.

Na "tovuti imekufa" mara nyingi ni viungo. Anwani zilibadilishwa, za zamani hazikuelekezwa kwenye mpya kwa 301, yaani amri ya kudumu ya kumpeleka mgeni anwani mpya, kwa hiyo kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp miaka miwili iliyopita kinaangukia 404, yaani "ukurasa haupatikani". Kabla ya siku ya kutoka, toeni orodha ya anwani zote zenye wageni, na kila moja ipewe mahali pa kwenda. Msizielekeze zote ukurasa wa mwanzo. Aliyetafuta fomu ya mkopo akitupwa ukurasa wa mwanzo amepotea vile vile.

Toeni sura mpya kwa mafungu, sehemu ndogo ya wageni kwanza, na ya zamani iendelee kufikika kwa kiungo kinachoonekana. Hesabuni wanaokibonyeza na kurasa wanazotokea, kwa sababu wakirudi nyuma kwa wingi kutoka ukurasa mmoja, ukurasa huo una tatizo hata kama hakuna aliyeandika neno. Na wajibuni watu. Bandikeni orodha ya wazi: lililoletwa, lililorekebishwa na tarehe, lililokataliwa na sababu yake. Sura ya zamani izimwe pale tu kazi zile tano au sita mlizozipima mwanzoni zinapokamilika kwenye mpya angalau kama zilivyokamilika kwenye ya zamani, kwenye simu ndogo na kwa mtandao wa 3G.