Usingoje Februari: muziki wa jukwaani kutoka Ngome Kongwe hadi kumbi za Temeke

KASSIM: Shikamoo, dada Mwanahawa.

MWANAHAWA: Marahaba, mdogo wangu. Wasikilizaji, karibuni. Mie nipo Unguja, Kassim yuko Temeke, na leo hatuna mgeni. Tunazungumza sisi wawili, kama mashabiki, habari ya kwenda kuusikiliza muziki pale unapopigwa.

KASSIM: Nianze na ubishi kabisa. Watu wengi ukiwauliza muziki wa laivu watakutajia tamasha la Sauti za Busara kule Unguja. Mara moja kwa mwaka, Februari, boti ya kwenda Zanzibar, picha Forodhani, basi. Wakirudi Dar, hawakanyagi ukumbini mpaka Februari nyingine. Mimi nasema huyo hajaanza bado.

MWANAHAWA: Mh! Umekuja na moto. Hebu kwanza nilitetee tamasha langu, kisha nitakupa haki yako.

KASSIM: Litetee.

MWANAHAWA: Sauti za Busara ilianza 2004, na tangu hapo imeshikilia jambo moja: anayepanda jukwaani anapiga laivu. Hakuna kuweka wimbo ukajiimba huku mwimbaji anachezesha midomo. Kwa wakati ule, vijana wengi wa Bongo Fleva walikuwa wamezoea kupanda na CD. Wakalazimika kutafuta bendi, wakae chini wafanye mazoezi na mpiga besi na mpiga drams. Na wewe unayetazama unaona tofauti. Mtu uliyemjua redioni, leo anaishiwa pumzi katikati ya ubeti, anawaachia wapigaji, anarudi. Hapo ndipo unamjua ni mwimbaji kweli.

KASSIM: Hilo sibishi hata kidogo.

MWANAHAWA: Halafu mahali penyewe. Ngome Kongwe ile ya Waarabu wa Omani, baada ya Mreno kuondolewa. Kuta nene za mawe, juu mbingu tupu. Februari ni kaskazi, jua la mchana linakukausha, lakini baada ya Isha upepo unaingia na watu wanaanza kujaa. Kuna jukwaa kubwa uwanjani, na kuna lile la upande wa pili lenye ngazi za kukalia. Nawaambia wageni wote: msigande kwenye jukwaa kubwa. Ukisikia ngoma upande ule, nyanyuka uende.

KASSIM: Na lile gwaride la ufunguzi je?

MWANAHAWA: Wallahi hilo usilikose, na halina kiingilio. Miaka mingi linatokea Ng'ambo, mitaa ile ya nje ya Mji Mkongwe, linaingia mjini mpaka Forodhani. Beni mbele na matarumbeta yao, ngoma za mashamba, watoto wanakimbia pembeni, kina mama wamesimama barazani. Kuna watu mtaani kwetu hawajawahi kuingia ngomeni, lakini gwaride ni lao.

KASSIM: Ehee, hapo sasa umegusa ninachotaka kusema. Tamasha linakupa bendi dakika chache, inashuka, inapanda nyingine. Unaonja. Lakini muziki wa dansi hauonjwi, dada. Unahitaji usiku mzima.

MWANAHAWA: Tueleze basi. Kuna vijana wanatusikiliza hawajawahi kukaa kwenye dansi hata mara moja.

KASSIM: Sawa. Wimbo wa dansi una sehemu mbili kubwa. Mwanzo unakwenda taratibu. Waimbaji wamejipanga mbele, wanapeana beti, wanaitikiana, kisa kinasimuliwa: mume kamkimbia mke, ndugu wamegombea mirathi. Magitaa yanazungumza, solo huku, ridhimu kule, besi inatembea chini yao. Watu wanacheza polepole, wengine wamekaa wanasikiliza maneno. Kisha linakuja chemko. Tumba na drams zinabadilika, wapulizaji wanasimama, saksafoni na tarumbeta zinajibizana, na ukumbi mzima unanyanyuka. Redioni chemko linakatwa kwa sababu ya muda. Ukumbini bendi ikiona watu wamekolea, hailiachi.

MWANAHAWA: Na wale wapigaji wanawatazama nyinyi?

KASSIM: Wanatutazama sana! Mpiga solo anaangalia miguu yetu. Akiona upande mmoja umetulia, anabadilisha pigo. Ndiyo maana Jumamosi mbili za bendi ileile hazifanani.

MWANAHAWA: Wewe ni Msondo au Sikinde? Sema kweli.

KASSIM: Sikinde, na mjomba wangu ni Msondo, na nyumbani tumekubaliana tusilizungumze wakati wa kula. Kwa wasiojua, huu ndio Usimba na Uyanga wa muziki wa dansi. Msondo Ngoma mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye ikawa JUWATA. Mlimani Park wakaja 1978 na mtindo wao wa Sikinde. Na marehemu Muhidin Maalim Gurumo aliimba kote kuwili, akapitia na Safari Sound katikati. Kwa hiyo siku ya mpambano, bendi mbili jukwaa moja, kama pale TCC Chang'ombe, unakuta wazee wanabishana Gurumo alikuwa wa nani hasa. Wengine wamekuja na wajukuu zao. Bendi moja ikimaliza, nyingine inaingia na wimbo uliochaguliwa makusudi kuijibu. Hicho kitu huwezi kukipata kwenye simu.

MWANAHAWA: Huku kwetu majibizano yapo kwenye taarabu, ila hapo wanaojibizana ni watazamaji.

KASSIM: Kutunza!

MWANAHAWA: Kutunza, ndiyo. Mwanamke kakaa kwenye kiti chake, kajitanda, kanyamaza. Mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani. Yule anainuka, noti mkononi, anakwenda mbele kwa madaha, taratibu, kila mtu amuone. Anaitoa noti pale pale kwenye ule mstari, si kabla, si baada. Na aliyekusudiwa ujumbe yumo ukumbini, anaelewa. Basi subiri, wimbo wa pili naye atainuka. Mgeni hudhani ni kumpa msanii pesa tu. Kumbe watu wanazungumza, na mwimbaji kawakopesha sauti yake.

KASSIM: Kwenye dansi sisi tunambandika mpiga gitaa noti kwenye paji la uso, anaendelea kupiga nayo.

MWANAHAWA: Basi nikupe jambo moja la taarabu ya asili kwa atakayekuja mara ya kwanza. Kabla ya waimbaji, huwa wanapiga bashrafu, ala tupu. Watu wengi wakati ule ndio wanatafuta viti na kusalimiana. Nawaomba, nyamazeni msikilize. Fidla zimeingia pamoja, akodiani inajaza, nai, ile filimbi, inapanda juu. Mtazame mpiga kanuni. Ala ile ina nyuzi zaidi ya 70 naye anazidonoa kwa vidole viwili vya shahada. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, nyuzi zinalegea, kwa hiyo utamuona kati ya nyimbo ameinama, anakaza moja moja kwa sikio. Mie hupenda kukaa karibu ya kanuni kwa ajili hiyo tu.

KASSIM: Na hii si lazima ningoje tamasha?

MWANAHAWA: Hata! Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Makao ya Culture ni Vuga, na jioni ya mazoezi fidla unazisikia barabarani. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kimefungua mlango 2002 na kinafundisha udi, kanuni, ngoma. Ndiko alikosoma Siti Amina, wa Siti and the Band. Vijana wale wanapiga mjini mwaka mzima, mbele ya watu wachache, ndipo wanafika Ngome Kongwe.

KASSIM: Unaona? Tumekutana. Anayewaona Februari ndiye anayefurahia kazi ya usiku mwingi ambao hakuwepo.

MWANAHAWA: Nakubali. Lakini na wewe nikubalie, kuna watu kumbi zisingewatoa. Chukua Jagwa Music.

KASSIM: Hao ni wa kwetu Dar, Mwananyamala. Mchiriku!

MWANAHAWA: Mchiriku. Kinanda kidogo cha Casio kinachopitishwa kwenye kipaza sauti cha honi, ngoma, na kigoda kinapigwa kwa vijiti. Ni muziki wa vigodoro na harusi za uswahilini. Wenye kumbi zao walikuwa wanaukunjia pua, wanauita wa wahuni. Ukapanda jukwaa la Ngome Kongwe, na nje ukafika Ulaya, ukatoa albamu huko 2012. Mie niliwatazama vijana wale nikaona fahari kabisa. Kasi ile, na namna mwimbaji anavyowasogelea watu! Waliosimama nami walikuwa mabwana wenye kanzu na wageni wenye mabegi mgongoni, na hapana aliyesimama kimya.

KASSIM: Hapo nakupa. Tamasha linamweka msanii wa uchochoroni mbele ya mtu ambaye asingeingia uchochoroni.

MWANAHAWA: Na tusilichukulie poa. Mwaka 2016 halikufanyika kabisa. Fedha hazikutosha, wafadhili hawakupatikana. Lilirudi 2017. Mwaka ule ndipo wengi walitambua kwamba lile jukwaa halisimami lenyewe.

KASSIM: Na bendi hali ni hiyohiyo, pengine ngumu zaidi. Zamani bendi nyingi zilikuwa na mwenyewe. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, polisi na jeshi nao na bendi zao. Vyombo vya taasisi, mwanamuziki ana mshahara mwisho wa mwezi. Leo bendi kubwa yenye watu kumi na kitu inategemea kinacholipwa getini. Wakija watu 30, wagawane nini? Kwa hiyo mimi jambo linaloniudhi ni mtu mwenye uwezo anayemwambia bawabu “mimi namjua mwimbaji, niachie nipite.” Ndugu yangu, kama unamjua, mlipie!

MWANAHAWA: Sema tena.

KASSIM: Mlipie! Na uwahi. Kama wametangaza saa tatu, nenda saa tatu. Bendi ikianza kupigia viti vitupu, nguvu inapungua, na mwenye ukumbi anahesabu. Akiona mara tatu watu wanaingia saa sita, wiki ijayo anamwita DJ, ni rahisi kwake.

MWANAHAWA: Sisi wa Unguja tuna bahati, kwa tamasha bei ya Mtanzania iko chini kuliko ya mgeni wa nje. Itumieni. Na simu, jamani. Rekodi kidogo, ukamuonyeshe mwenzio, kisha itie mfukoni. Mwimbaji anakutazama machoni, wewe umemuwekea taa.

KASSIM: Kuna msikilizaji ametuuliza: ana watoto wadogo, usiku mkubwa hawezi. Aende wapi?

MWANAHAWA: Bagamoyo, tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha pale. Lipo tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na mchana ngoma, sarakasi na maigizo yapo. Mtoto akakae karibu na wapiga ngoma aone mikono yao. Ila asiwe mbele ya spika, masikio ya mtoto hayavumilii.

KASSIM: Na Dar kuna mabonanza ya Jumapili. Bendi inaanza alasiri, watu wamekaa na familia, unarudi nyumbani mapema. Ulizeni mitaani kwenu, matangazo mengi yanabandikwa ukutani, hayafiki mitandaoni.

MWANAHAWA: Basi nakuja Dar mwisho wa mwezi. Nipeleke kwenye dansi, nataka kulisikia hilo chemko lisilokatwa.

KASSIM: Karibu sana, dada. Tutakwenda na mjomba, kwa hiyo itakuwa Msondo.

MWANAHAWA: Na wewe wa Sikinde utakaa?

KASSIM: Nitakaa mbele, na kiingilio nitalipa. Wapulizaji wao wakisimama, hakuna Sikinde wala nini, nitacheza.

MWANAHAWA: Wasikilizaji, tuandikieni bendi gani inapiga mtaani kwenu wikiendi hii, siku gani, saa ngapi na kiingilio shilingi ngapi. Kipindi kijacho tutazisoma zote. Kassim, msalimie mjomba.

KASSIM: Zimefika. Kwaherini.