Kile kipande cha alumini mezani kwangu: haya, leo nawajibu

Haya jamani, habari za huko. Kila nikipandisha video, hata ya kupika ugali, lazima atokee mtu: "Kaka, kile cha alumini hapo nyuma ni cha bunduki? Huko mnajinunulia tu?" Ndiyo, ni cha bunduki. Kujinunulia tu, hapana. Na kabla hujaandika kwamba najisifu, nimekuja Texas nimevimba kichwa, nisikilize kwanza.

Kile ni resiva ya chini ya bunduki aina ya AR-15, yaani bodi tupu linaloshika kifyatulio. Mtutu hakuna, kitako hakuna, kifyatulio hakuna. Lakini kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1968, hicho ndicho bunduki yenyewe. Mtutu naagiza unaletwa mlangoni. Bodi lenye namba yake ya utambulisho, kama umeagiza mtandaoni, linapelekwa duka lenye leseni, halafu unakwenda mwenyewe na kitambulisho.

Na hapo ndipo sisi wageni tunapochoka. Kuna fomu ya kununulia bunduki dukani, inaitwa 4473. Jina la ukoo, la kwanza, la kati. Huna la kati? Andika NMN, usiache wazi. Anwani ilingane na kitambulisho, na ukihama juzi ubebe karatasi nyingine ya serikali. Uraia: Tanzania. Basi jaza na namba ya uhamiaji iliyoko kwenye grini kadi. Wenye viza za masomo na matembezi, kwa kawaida sheria inawakataza. Ipo misamaha, kama ya mwenye leseni ya uwindaji, ila mimi si mwanasheria, msinipigie simu. Halafu kuna swali la bangi. Jimbo lako likiiruhusu, sheria ya shirikisho bado haijairuhusu, na kudanganya kwenye ile fomu ni jinai. Mtu mwenye grini kadi acheze na hilo? Shauri yako.

Ukimaliza, duka linauliza FBI, polisi wa shirikisho, kama unaruhusiwa kununua. Jibu ni endelea, subiri, au umekataliwa. Mimi huwa ni subiri. Jina langu linafanana na la mtu nisiyemjua hata kwa sura. Karani akaniuliza kwa sauti, watu wamejaa, "Una kesi wewe?" Sina kesi! Upo utaratibu wa kupeleka alama za vidole FBI wakupe namba ya kuonyesha wewe siye yule. Nimeomba, nasubiri.

Sasa hela. Bodi lenyewe lilikuwa chini ya dola mia, na watu wanahesabia hapo tu. Ada ya duka kupokea mzigo je? Kodi? Rangi? Kwenye grupu la ukoo ameshaandika mtu, "Hela ya bunduki anayo, ya bati la mama mkubwa hana." Bati nilituma. Mama mkubwa mwenyewe anajua. Aliyepokea hela akazipeleka kwingine, naye anajijua, na nina hakika anaangalia hii video.

Turudi kwenye kazi, maana ndiyo ninayoipenda. Nilinunua bodi bichi: kiwanda kimeshachonga kila kitu, namba ipo, rangi tu ndiyo haijapigwa. Nafanya sura ya nje peke yake. Ile mistari inayobaki pale vibao viwili vya kufulia chuma vinapokutana, naiondoa kwa tupa ndogo, kisha msasa wa maji. Matundu siyagusi, namba siigusi. Na usidhani utaficha ubovu wako kwenye anodaizi, kwa sababu si rangi ya kupaka. Alumini inazamishwa kwenye asidi ya salfa iliyopoozwa sana, umeme unapitishwa, na ngozi ngumu inaota kutoka kwenye alumini yenyewe. Mkwaruzo ulioacha utauona vilevile, mweusi tii.

Karakana ya kwanza niliyoipelekea ianodaizi, ya vyuma vya baiskeli, walinikataa. Kupokea na kulaza bunduki ya mteja kibiashara kunataka leseni. Nikatafuta fundi mwenye leseni, akaliandika kwenye daftari lake, na afadhali wakati wa kurudishiwa mali yako hakuna fomu tena. Nafungua boksi: zambarau! Sehemu ya juu ninayo nyeusi, ya chini imerudi kama imemwagiwa juisi ya zabibu. Eti alumini ya aina ya 7075 ina zinki na shaba, kila toleo linashika rangi kivyake. Sawa, lakini si ungeniambia kabla sijalipa? Sasa nawaza Cerakote, ile rangi inayopulizwa halafu inaokwa, nyuzi 121 kwa saa mbili. Ni hela nyingine hiyo. Wewe labda zambarau ungeipenda.

Wanaouliza vile vifurushi vya bunduki visivyo na namba vya kujimalizia nyumbani: mimi simo. Serikali ilibana mwaka 2022, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono tarehe 26 Machi 2025. Majimbo mengine yana sheria kali zaidi.

Na wewe uliyenitumia ujumbe niweke kimoja kwenye begi la mama akija, "kama spea tu": kutoa hicho kitu hapa bila kibali ni jela, na huko nyumbani kuna sheria ya silaha ya 2015 inakusubiri uwanja wa ndege. Nimeshakublock, kaka.