Makubaliano Kabla ya Mitambo: Jinsi Orange County Ilivyogeuza Maji Taka Kuwa Maji ya Kunywa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wahandisi wenzangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni usafishaji wa maji taka hadi yafae kunywewa, na najua wengi mmekuja mkitarajia kusikia habari za mitambo. Nitaieleza, ila kwa ufupi, kwa sababu mitambo inauzwa na mwenye fedha huinunua. Kisichouzwa popote ni makubaliano baina ya shirika linalosambaza maji safi na shirika linalokusanya maji taka. Nimelisema jambo hili katika kila ukumbi nilioalikwa, na leo nalirudia kwa sababu bado naletewa maandiko ya miradi yenye kurasa nyingi za michoro ya pampu na vichujio, na aya moja tu, tena ya mwisho, kuhusu nani atakubaliana na nani.

Mfano wangu ni Kaunti ya Orange, kusini mwa California, Marekani. Pale kuna mashirika mawili ya umma. La kwanza ni Orange County Water District, lililoundwa mwaka 1933 kutunza maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo ndiyo tegemeo la zaidi ya watu milioni mbili. La pili ni Orange County Sanitation District, lenye kazi ya kukusanya maji taka ya miji ya eneo hilo, kuyasafisha na kuyamwaga baharini. Kila moja lina bodi yake, bajeti yake na wateja wake, ingawa katika mji wa Fountain Valley ofisi za la kwanza na mtambo wa la pili vimepakana.

Tazameni hali ilivyokuwa katikati ya miaka ya 1990. Shirika la maji lilikuwa na tatizo la chumvi. Visima vilikuwa vimevuta maji kwa miongo mingi, kina kikashuka chini ya usawa wa bahari, na maji ya chumvi yakaanza kuingia nchi kavu kupitia uwazi unaoitwa Talbert. Ili kuyazuia, shirika lilikuwa limejenga mtambo ulioitwa Water Factory 21, ambao tangu mwaka 1976 ulikuwa ukisafisha maji taka na kuyasukuma ardhini kwa visima maalumu, ili yawe ukuta baina ya bahari na maji baridi. Kufikia miaka hiyo ya 1990 mtambo umechakaa, ukuta hautoshi, na maji ya kuongezea yanatoka mbali, kwenye Mto Colorado na kaskazini mwa California, na ukame ukija hayana uhakika.

Upande wa pili wa uzio, shirika la maji taka lilikuwa na tatizo lililo kinyume kabisa: maji yake yalikuwa mengi mno. Bomba lake la kumwaga baharini, lenye kipenyo cha mita 3 hivi na urefu wa kilomita 8 hivi, lilielekea kuzidiwa siku za mvua kubwa, na wahandisi walikuwa wanazungumzia kujenga bomba la pili kwa gharama kubwa sana.

Hebu nikae hapa kidogo. Shirika moja linanunua maji kutoka mamia ya kilomita. Jirani yake anatafuta fedha za kujenga bomba la kutupa maji baharini. Hali kama hii ipo katika miji mingi ya dunia hivi sasa tunavyozungumza, na katika mingi ya miji hiyo wakuu wa mashirika hayo hukutana kwenye sherehe tu. Naomba radhi kwa kusema kwa ukali, lakini linaniudhi kila ninapolifikiria, kwa sababu mwananchi anayelipa bili mbili ni yule yule mmoja.

Walichofanya wenzetu wa Orange County ni kuketi. Walikubaliana kujenga mtambo mmoja mpya badala ya kila mmoja kujenga wake. Shirika la maji taka lingetoa maji yake, yakiwa yameshapita hatua ya pili ya usafishaji, ile ambayo vijidudu hutumiwa kula uchafu, bila kudai malipo. Shirika la maji lingeendesha mtambo, na siku za mvua kubwa lingepokea sehemu ya mafuriko ya jirani yake, hivyo lile bomba la pili halikuhitajika tena. Gharama za ujenzi wa awamu ya kwanza, zilizofika dola milioni 481, waligawana baada ya kuondoa ruzuku za serikali. Wakaunda kamati ya pamoja yenye wajumbe kutoka bodi zote mbili. Mtambo ulianza kazi Januari 2008 ukitoa lita milioni 265 kwa siku, ukapanuliwa mwaka 2015 hadi lita milioni 379, na mwaka 2023 ukafika lita milioni 492 kwa siku, kiasi kinachotosha watu wapatao milioni moja. Hakuna mtambo mkubwa kuliko huo duniani kwa kazi ya namna hiyo.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya fedha tu, na Wamarekani wanazo. Sivyo. Nipeni nafasi niwaeleze kisa kimoja ambacho kwangu ndicho kiini cha mhadhara huu.

Mwaka 2000, kabla ya mtambo mpya, vipimo vilionyesha kuwa maji ya Water Factory 21 yalikuwa na kemikali iitwayo NDMA, inayodhaniwa kusababisha saratani. Molekuli zake ni ndogo mno, kiasi kwamba sehemu yake hupenya hata utando wa osmosisi ya kinyume, yaani ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi, ambao tumezoea kuuamini kuliko kitu chochote. Haikupita miaka miwili, ikaonekana nyingine, 1,4-dioksani, ambayo hutumika viwandani. Visima kadhaa vya maji ya kunywa vilivyo karibu na ule ukuta vikasimamishwa kwa muda. Sasa niulize: shirika la maji lingefanya nini peke yake? Lingeongeza hatua moja ya usafishaji, na kweli liliiongeza. Lakini halikuwa na mamlaka ya kuingia kiwandani na kuuliza nini kinamwagwa kwenye bomba la maji taka. Mamlaka hayo yalikuwa kwa jirani. Ni shirika la maji taka lenye kutoa vibali kwa viwanda, lenye wakaguzi, lenye ramani ya kila bomba linaloingia kwenye mtandao wake. Dioksani ile ilifuatiliwa ikabainika inatoka kwa kiwanda kimoja, na kiwanda hicho kikaacha kuimwaga.

Kiwanda kimoja, ndugu zangu, katika eneo lenye watu zaidi ya milioni mbili. Mnaweza kununua utando bora kuliko wote, mkajaza ghala kemikali, na bado kiwanda kimoja kikawashinda kwa sababu anayekijua hazungumzi nanyi. Tangu hapo usimamizi wa vyanzo vya maji taka ukawa sehemu ya kazi ya kila siku ya mradi: anayesafisha akiona dalili isiyo ya kawaida upande wake, humjulisha anayekusanya, naye hurudi nyuma kwenye mabomba kutafuta inakotoka. Mnaponiuliza kwa nini nasisitiza makubaliano kuliko mitambo, jibu langu ni kisa hiki, na nitaendelea kukisimulia mpaka nione kifungu cha aina hii katika kila mkataba.

Mitambo yenyewe, kama nilivyoahidi, ni hatua tatu. Maji hupita kwanza kwenye nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati na vitundu vidogo mno ukutani, vinavyozuia bakteria na vijidudu vikubwa. Kisha husukumwa kwa shinikizo kupitia utando wa osmosisi ya kinyume, unaozuia chumvi, virusi na mabaki mengi ya dawa. Mwisho hutiwa haidrojeni peroksaidi kidogo na kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, na hapo ndipo NDMA na dioksani huvunjwa. Maji yanayotoka huwa safi mno hata hula saruji ya mabomba kwa kukosa madini, ndiyo maana huongezwa chokaa kabla ya kuondoka. Sehemu yake huenda kwenye visima vya kuzuia bahari, nyingine husafiri kilomita 21 hivi hadi mabwawa ya Anaheim, yakazama ardhini, yakachanganyika na maji mengine, ndipo baadaye yakavutwa na visima vya miji.

Sasa nisikie manung'uniko yenu. Kwanza, kinyaa. Mwaka 2000 mradi wa Los Angeles wa namna hii, uliokwisha kujengwa kwa dola milioni 55, ulikwama baada ya wanasiasa kuupachika kaulimbiu ya kutoka chooni hadi bombani. Mwaka 2006 wakazi wa Toowoomba, Australia, waliukataa mradi wao kwa kura ya maoni, wakiwa katikati ya ukame. Orange County ilikwepa kwa sababu mashirika yote mawili yalianza kuzungumza na wananchi miaka mingi kabla ya kufungua valvu: madaktari, vyama vya akina mama, viongozi wa dini, shule, wote walifuatwa walipo, na wageni wanaozuru mtambo huonyeshwa kila hatua na mwishowe hupewa bilauri wanywe. Wananchi hawakuwahi kusikia shirika moja likisema hivi na lingine likisema vile, na hilo lina uzito kuliko tangazo lolote la redioni.

Pili, tohara. Swali hili naulizwa kila ninapozungumza na watu wa pwani, na ni swali la haki, lisichekwe wala lisifagiliwe chini ya mkeka. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba maji yaliyokuwa na najisi, yakisafishwa kikamilifu hata rangi, ladha na harufu ya najisi vikaondoka, yanakuwa tohara na yanafaa kwa udhu. Kuhusu kunywa, liliweka sharti la afya na kushauri tahadhari. Kwa hiyo mjadala wa kidini unaturudisha pale pale kwenye vipimo, na kwa nani anayeaminika kuvifanya na kuvitangaza.

Tatu, na hili hutoka kwa wahandisi wenzangu: Tanzania na Kenya shirika moja ndilo linaloshughulikia maji safi na maji taka, basi makubaliano ya nini? Kuwa chini ya paa moja si kukaa meza moja. Idara ya maji taka huwa ndogo, maskini, na hukumbukwa bomba linapopasuka. Tena vibali vya mazingira vya viwanda viko kwa mamlaka za mazingira, NEMC Tanzania au NEMA Kenya, na Tanzania vibali vya kumwaga kwenye mito viko kwa bodi za maji za mabonde. Na kuna jambo gumu zaidi: nyumba nyingi za miji yetu hazijaunganishwa na mtandao wa maji taka, zinategemea mashimo na magari ya kunyonya. Pasipo mtandao hakuna maji ya kusafisha. Wenye visima vilivyoingia chumvi Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanaona leo kile walichokiona watu wa Talbert, lakini atakayewaahidi mtambo wa aina hii kabla ya mabomba ya kukusanya anawapotezea wakati.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayapitia mbio. Windhoek, Namibia, wamekuwa wakirudisha maji yaliyosafishwa moja kwa moja kwenye mfumo wa mji tangu mwaka 1968, bila kupitia ardhini, na tangu mwanzo maji taka ya viwandani yalitengwa na ya majumbani. Waafrika hatuna haja ya kuambiwa kuwa jambo hili ni la kigeni. Singapore nao waliweka maji safi na maji taka chini ya shirika moja la umma, PUB, mwaka 2001, na miaka miwili baadaye wakazindua NEWater, jina walilolipa maji taka yaliyosafishwa upya. Huko huko California, mji wa San José na shirika la maji la bonde la Santa Clara walishirikiana kufungua mtambo wao mwaka 2014. California yenyewe ilipitisha kanuni za kuruhusu njia ya moja kwa moja Desemba 2023.

Kuhusu nishati, inahitajika kidogo sana kuliko ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, kwa sababu chumvi ya kuondoa ni kidogo. Kuhusu mabaki yenye chumvi yanayobaki baada ya utando, Orange County huyarudisha kwenye bomba la bahari la shirika la maji taka, na hilo nalo limo ndani ya makubaliano.

Suala la bei kwa mteja nitalijibu katika maswali. Ningependa swali la kwanza litoke kwa wale waliopo hapa wanaosaini vibali vya viwanda kumwaga maji taka, watuambie nakala za vipimo vyao humfikia nani.